Mahindi ya malisho: usipime tani za maji

Ndugu uliyeuliza ubananishe mimea kiasi gani ili upate tani nyingi za mahindi ya kulisha ng'ombe wa maziwa, mimi nilianza na swali hilo hilo, na jibu nililojipa liliniharibia msimu mzima. Nilipanda sentimita 60 kwa 15, yaani zaidi ya mimea laki moja kwa hekta. Shamba lilipendeza mno, kijani tupu. Lakini mashina yalikuwa membamba, mengi hayakubeba gunzi, na mvua ya upepo ilipopiga, sehemu kubwa ikalala. Yaliyosimama nikayakata ndevu zikiwa bado mbichi, kwa hofu kwamba yakikomaa yatakuwa magumu. Nikayakatakata na kuyafukia shimoni yawe saileji, yaani malisho yanayochachushwa bila hewa. Shimo likatoa maji ya kahawia kwa siku kadhaa, saileji ikanuka vibaya, ng'ombe wakaisusa.

Kumbe muda wote huo nilikuwa napima maji. Ng'ombe anashibishwa na kile kinachobaki maji yakishaondolewa, ambacho sisi tunakiita makavu. Ukivuna tani 50 mbichi zenye makavu asilimia 20, umepata tani 10 za chakula. Ukivuna tani 40 zenye asilimia 33, umepata tani 13 na ziada. Tena kwenye mahindi yaliyobeba vizuri, karibu nusu ya hayo makavu iko kwenye gunzi, na ndimo ulimo wanga unaoleta maziwa. Kwa hiyo ukichagua mbegu, usidanganywe na urefu. Tafuta inayobeba gunzi kubwa, isiyolala, na ambayo majani yake yanabaki kijani punje zikiwa zinakomaa.

Sasa ninapanda 75 kwa 20, karibu mimea 67,000 kwa hekta. Palipo na rutuba na maji ya uhakika unaweza kufika 80,000. Zaidi ya hapo kila mmea unamnyima jirani yake.

Mbolea usiifanyie ubahili, kwa sababu mahindi haya unayaondoa shambani mzima mzima, bua na jani, hakuna kinachorudi. Mavuno kama hayo huchukua zaidi ya kilo 150 za naitrojeni kwa hekta, pamoja na potasiamu nyingi ambayo wakulima wengi huisahau. Nilipoanza kurudisha samadi yote ya zizini kwenye shamba lile lile, udongo ulibadilika ndani ya misimu michache. Naitrojeni ya kukuzia igawe mara mbili, mvua isije ikaiosha yote. Viwavijeshi vikague kila wiki katikati ya mmea, majani mapya yanakochipukia, mimea ikiwa midogo. Vikishaingia gunzini umechelewa.

Kuhusu kukata, nakuomba uwe na subira. Punje zikianza kuwa ngumu, vunja gunzi katikati kila baada ya siku mbili tatu. Utaona mstari unaotenganisha sehemu ngumu ya juu na sehemu ya maziwa ya chini, nao hushuka kuelekea kiini cha gunzi. Ukifika nusu hadi theluthi mbili, kata. Nahakikisha pia kwa mkono: nafinya konzi ya mahindi yaliyokatwakatwa kwa nusu dakika, kisha naachia. Maji yakichuruzika, bado. Donge likifunguka polepole na kiganja kikabaki na unyevu tu, ndiyo siku yenyewe. Likitawanyika mara moja, umechelewa, na makavu mno hayashindiliki.

Vipande viwe sentimita moja hadi mbili. Jaza shimo upesi, shindilia kila tabaka jembamba, kisha funika kwa nailoni isiyo na tundu. Hewa ndiyo adui. Ikibaki ndani, joto linapanda, ukungu unaingia, na ukungu unaweza kubeba sumu inayofika hadi kwenye maziwa. Saileji yenye ukungu itupe, usimpe hata mtamba. Subiri angalau wiki nne kabla ya kufungua, na ukifungua, kata uso wote kila siku kwa unyoofu, usichimbe mashimo.

Kumbuka pia kwamba saileji ya mahindi ina protini asilimia 7 hadi 9 tu ya makavu yake. Ng'ombe anayekamuliwa anahitaji zaidi, hivyo mwongezee malisho yenye protini nyingi kama lusina, au mashudu, na madini. Nimeona watu wakilaumu mbegu wakati kilichokosekana ni protini.

Upande kiasi gani? Piga hesabu hivi: kilo 25 za saileji kwa ng'ombe kwa siku, kwa siku 180, ni tani 4.5. Ongeza upotevu shimoni, chukulia tani 5.3. Hekta ya tani 40 itakulishia ng'ombe saba kwa miezi sita.