Mbu wa homa ya manjano hutaga wapi?

Wengine husema mbu hawa hutaga bwawani; sivyo. Mbu aitwaye Aedes africanus, anayezungusha homa ya manjano kati ya kima huko kwenye misitu ya Uganda, hutaga ndani ya matundu ya miti: pale tawi lilipovunjika, pakaoza, maji ya mvua yakatuama. Tena haachi mayai juu ya maji. Huyabandika mojamoja kwenye ukuta wa tundu, juu kidogo ya maji yalipoishia. Yatakauka hapo na kungoja, hata miezi, mpaka mvua ipandishe maji yayafikie ndipo yaanguliwe. Kiangazi hakiwamalizi hata kidogo.

Ila anayeuleta ugonjwa mpaka shambani ni mwenzake, Aedes bromeliae (vitabu vya zamani vinamwita simpsoni). Huyo hutaga kwenye makwapa ya majani ya migomba na magimbi, yaani pale jani linapoungana na shina. Vijiko viwili vya maji vinamtosha. Kima wakija kuiba ndizi, anawauma wao na mkulima pia. Haya yalichunguzwa Bwamba, magharibi mwa Uganda, miaka ya 1940. Mbu wa madimbwi wanayemfikiria wanaosema bwawani ni Anopheles, wa malaria.