Wasomaji Wanauliza: Kumfuga Tandu na Kumpiga Video

Nimempata tandu wa sentimita 12 hivi, mwenye miguu ya samawati, chini ya gogo lililooza shambani. Nilimweka kwenye tangi la kioo la samaki na kufunika kwa wavu. Usiku wa pili nikamkuta juu kabisa, konani. Anapandaje kioo?
*Msomaji, Muheza*

Hapandi kioo, anapanda gundi. Kona za tangi la samaki hushikizwa kwa silikoni, na kucha za miguu ya tandu huikamata silikoni vizuri sana. Akishafika juu ana usiku kucha wa kuhangaika na wavu wako. Mwili wake umebapa, kwa hiyo tundu lolote linalopitisha kichwa litampitisha mzima. Mhamishe leo hii.

Tafuta boksi la plastiki gumu, kuta laini, mfuniko wa kubana pande zote mbili. Kwa tandu wa kimo hicho sakafu ya sentimita 30 kwa 20 inatosha. Muhimu zaidi ni urefu wa kwenda juu. Kutoka usawa wa udongo hadi kwenye mfuniko pawe na mara moja na nusu ya urefu wake, yaani sentimita 18, ili hata akijinyoosha ukutani asiufikie. Ongeza kina cha udongo, sentimita 8 hadi 10. Jumla boksi liwe na kimo cha sentimita 28 hivi.

Matundu ya hewa toboa kwa sindano iliyopashwa moto, yasizidi milimita 1.5, ishirini au thelathini kila upande, kwenye kuta mbili zinazotazamana. Wengi hutoboa mfuniko peke yake. Hewa haizunguki, na baada ya wiki mbili ukungu mweupe umetanda.

Udongo: sehemu tatu za unga wa makumbi ya nazi na sehemu moja ya udongo wa bustani ambao haujatiwa mbolea wala dawa. Loanisha, kisha kamata konzi moja uiminye. Ukishikamana bila kudondosha maji, uko sawa. Tandu hana tabaka la nta la kuzuia maji kama walilonalo wadudu wengi, kwa hiyo kwenye ukavu hunyauka upesi. Lakini tope nalo huleta ukungu na utitiri. Dawa ni kumwaga maji kidogo kwenye kona moja kila wiki, yashuke chini, upande wa pili uachwe ukauke; yeye mwenyewe atachagua pa kulala. Mwekee kipande cha gome la mti na kifuniko cha chupa chenye maji safi.

Joto la Muheza linamtosha, mradi boksi lisipigwe na jua. Kwa wasomaji wa sehemu za baridi kama Lushoto au Njombe: msiweke kitu cha kupasha joto chini ya boksi. Tandu akihisi joto huchimba kwenda chini, na huko ndiko atakakolikuta limezidi. Kiweke ubavuni mwa boksi, upande mmoja tu.

Wakati wa kumhamisha usimshike kwa mkono hata kwa glovu. Mfunike kwa kopo refu la plastiki, telezesha karatasi ngumu chini yake, geuza. Kazi yote ifanyike ndani ya beseni refu na pana, ili akichomoka abaki humo.

Namlisha mende wa jikoni. Sasa ana siku kumi hali, amejificha, na rangi imefifia. Anakufa?
*Msomaji, Likoni*

Dalili hizo tatu zikija pamoja, kwa kawaida anajiandaa kujivua gamba. Toa chakula chote kilicho hai sasa hivi. Nyenje mmoja aliyesahauliwa humo anaweza kumtafuna akiwa bado laini, na hapo hana ulinzi. Acha maji, usifukue udongo. Akishajivua atalila gamba lake, mwachie. Subiri siku saba hadi kumi ndipo umpe chakula.

Mende wa jikoni achana nao kabisa. Huwezi kujua jirani alipuliza dawa gani, na sumu iliyo ndani ya mende huingia kwa tandu. Fuga nyenje kwenye ndoo: trei za mayai, pumba, vipande vya karoti. Tandu mzima anatosheka na nyenje mmoja au wawili kwa wiki. Tandu mchanga mpe nyenje wadogo wadogo mara mbili kwa wiki. Windo lisizidi theluthi moja ya urefu wake. Mabaki yaondoe asubuhi kwa kibano cha sentimita 30.

Namna ya kujua ameshiba: tazama mgongo. Vigae vigumu vya mgongoni vikiachana, ngozi laini ikaonekana katikati yake, ruka wiki moja. Vikilaliana, ana njaa. Tandu aliyenenepa mno anaweza kupasuka akianguka kutoka ukutani. Panya na mijusi hawahitaji, na sisi hatuungi mkono kuwatumbukiza humo ili video ipate watazamaji.

Naweza kuwaweka wawili pamoja?
*Msomaji, Morogoro*

Hapana. Mmoja atamla mwenzake. Na ukimkuta jike amejikunja akizungushia mayai, funika boksi kwa kitambaa cheusi usimguse. Akisumbuliwa anaweza kuyala.

Video zangu zina michirizi myeusi inayopanda na kushuka, na nikiwasha taa tu anazama udongoni.
*Msomaji, Nairobi*

Michirizi inatokana na umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za nyumbani humemeta mara 100 kwa sekunde. Ukirekodi kwa fremu (picha) 60 kwa sekunde, kamera na taa hazikubaliani. Weka fremu 25 na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya sekunde 1/50, au fremu 50 na shata ya 1/100. Simu isiyo na mipangilio hiyo, tumia taa ya LED ya betri.

Taa za halojeni weka kando, zinachoma na kukausha. Anza na mwanga mwekundu hafifu, ambao humsumbua kidogo, usubiri nusu saa baada ya giza kuingia. Akishatoka na kukamata windo, ongeza taa nyeupe pole pole kutoka juu pembeni. Tandu anayekula hakimbii upesi. Kioo kikirudisha sura yako, funika simu na mkono kwa kitambaa cheusi ukasogeze lenzi hadi iguse ukuta wa boksi. Bonyeza skrini kwa muda mrefu ili fokasi na mwanga vifungwe, la sivyo simu itahangaika kila vipapasio vinapotikisika. Ukuta wa plastiki ufute kwa kitambaa laini. Ukiukwaruza, picha imeharibika moja kwa moja.

Nina watoto wadogo. Akimdunga mmoja wao nifanye nini?
*Mama wa watoto wawili, Temeke*

Dada, mtoto mdogo mpeleke kituo cha afya mara moja. Kwa mtu mzima, osha kwa sabuni, kisha tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya moto yanayovumilika, nyuzi 43 hadi 45, kwa dakika 20 hadi 30. Yajaribu kwanza kwa mkono ambao haujadungwa. Maji hayo hupunguza maumivu. Dawa ya kawaida ya maumivu inaruhusiwa. Usichanje, usifunge kamba, usinyonye. Kupumua kwa shida, uso kuvimba, kutapika au kizunguzungu: hospitali bila kungoja. Na boksi lifungwe kwa kufuli, kwenye rafu ambayo watoto hawaifikii.