Maswali Yenu: Mgombea wa tatu humlia nani kura?

SWALI: Mwenzangu ameshikilia kwamba Ralph Nader, mgombea wa chama kidogo cha Green, ndiye aliyemnyima Al Gore urais wa Marekani mwaka 2000. Mtu ambaye hata asilimia tatu hakufikisha anamwangushaje makamu wa rais? Na mbona hawakurudi debeni? – Msomaji, Eastleigh

JIBU: Tuanze na kurudi debeni. Kifungu cha 138 cha Katiba yetu ya Kenya kinamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Asipopatikana, wawili wanaoongoza hupambana upya ndani ya siku 30. Marekani hakuna kitu hicho. Kila jimbo lina wajumbe wake wa uchaguzi, jumla 538, na rais hupatikana kwa wajumbe 270. Anayeongoza katika jimbo, hata kwa kura moja, huzoa wajumbe wote. Ni Maine na Nebraska tu ambako baadhi yao hugawanywa kwa maeneo ya ubunge.

Kwa hiyo asilimia ya nchi nzima isikubabaishe. Cha kutazama ni kura hizo zimeangukia wapi. Florida, ambayo bila wajumbe wake 25 mshindi, George W. Bush, asingefikisha 270, Bush alipata kura 2,912,790, Gore 2,912,253. Pengo ni 537. Nader alipata 97,488.

Hapa ndipo mabishano mengi huharibika: mtu huzichukua kura zote za Nader akamtilia Gore kapuni. Sivyo. Chukulia kwamba bila Nader, katika kila wafuasi wake 100, 60 wangebaki nyumbani, 21 wangemwendea Gore na 19 Bush. Gore angeongeza kama kura 1,950 juu ya Bush, na Florida ingekuwa yake, pamoja na urais. Kwa Florida, basi, mwenzako ana hoja nzito. New Hampshire, ambayo pia hutajwa sana, ni ngumu zaidi: Bush alishinda kwa 7,211 na Nader alikuwa na 22,198, kwa hiyo Gore angehitaji faida ya karibu theluthi nzima ya kura hizo.

Lakini kumbebesha Nader peke yake ni kuchagua wa kulaumiwa. James Harris wa chama cha Socialist Workers aliambulia kura 562 Florida nzima, na hata hizo zinalizidi pengo.

SWALI: Mgombea binafsi wa Marekani, Ross Perot, alipata karibu asilimia 19 mwaka 1992. Alipata wajumbe wangapi? – Msomaji, Umoja

JIBU: Hakuna hata mmoja. Kura zake zilitapakaa kote nchini, hakuongoza jimbo lolote. George Wallace, naye mgombea wa tatu, mwaka 1968 alipata asilimia 13.5 tu lakini akaondoka na wajumbe 46, kwa kuwa wafuasi wake walirundikana majimbo ya kusini. Kuhusu dai kwamba Perot alimwangusha Bush mkubwa, baba yake George W., aliyeshindwa na Bill Clinton mwaka huo wa 1992, sisi hatulikubali: wapiga kura wake walipohojiwa vituoni, waliosema wangemchagua Bush na waliosema Clinton walikaribiana sana.

Mwaka huohuo wa 1992 hapa kwetu Matiba, Kibaki na Jaramogi waligawana kura za upinzani, Moi akapita na takriban asilimia 36. Sheria ya wakati ule ilidai asilimia 25 katika mikoa mitano kati ya minane. Nusu ya kura haikuwa sharti.