Lile gunia la vipande vya vitambaa, wanangu

Jana nimemwona kijana anaokota kipande cha jinzi, cha satini na cha tisheti, anavibananisha na kuviingiza chini ya mguu wa cherehani. Pasi hakugusa, futi hakugusa. Nikashika kiuno. Haya, sogeeni.

1. Fueni kwanza. Hapa ndipo nilipoungua. Mwaka wangu wa pili nilipewa kazi ya mfarishi wa viraka, zawadi ya harusi. Miraba 120, kila mmoja sentimita 16.2, ili ukitoa milimita 6 za mshono kila upande ibaki 15 kamili. Nilipima kama mtu anayepima dawa. Fundi wangu akauliza, "Umevifua?" Nikamjibu vitafuliwa hukohuko mbele. Kiburi hicho! Kona zilikutana vizuri mno, nikawa nauzunguka mfarishi najisifu peke yangu.

Wiki mbili baadaye ukarudishwa ndani ya mfuko, umeshafuliwa. Pamba ilikuwa imerudi ikapungua, poliesta imegoma, kwa hiyo kila mraba wa poliesta umevimba katikati na wa pamba umeuvuta pembeni. Nyekundu nayo ilichuja, vyeupe vyote vikawa waridi yenye mabaka. Mwenye kazi hakufoka. Aliutandaza mezani, akaulaza kwa kiganja, ukainuka tena, akanitazama. Afadhali angefoka. Nilifumua jioni nne mfululizo, nikagundua hata kuunga upya haiwezekani: hakuna vipande viwili vilivyobaki na kipimo kimoja. Hela nikarudisha, fundi akanyamaza siku nzima, na ule ukimya nausikia mpaka leo.

Kwa hiyo fua, anika, piga pasi, ndipo upime. Unachokitilia shaka kiloweshe, kifunike kwa kitambaa cheupe, kandamiza pasi ya moto. Cheupe kikipata rangi, hicho si cha kuchanganya na wenzake.

2. Sindano: jinzi namba 16, satini namba 9 au 11, tisheti ile ya ncha ya duara. Basi.

3. Kipande kivuteni kwa vidole kabla ya kukata. Kikinyumbuka, na si tisheti, mmekishika mshazari, yaani nyuzi zimekaa kihanamu. Hicho kitengeni kwa mkanda wa shingoni na kwapani, msikilazimishe kuwa mfuko.

4. Hujui ni pamba au poliesta? Choma nyuzi mbili juu ya sahani. Pamba hunuka karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka, ikipoa inakuwa kidonge kigumu. Nimesema juu ya sahani. Kuna mtu humu alichomea juu ya gunia lenyewe, namstahi simtaji.

5. Visivyofika upana wa vidole viwili msitupe, vikateni vidogovidogo mjazie vimto vya kuchomekea pini. Changu hiki mnachokiazima kila siku bila kuomba nilikishona kwa mraba mmoja mwekundu wa ule mfarishi. Juzi kimemwagikiwa maji, bado kinachuja.