Nyuki wa kwenye picha na nyuki wa kwenu

Mvua imerudi na maswali yenu ya maua na nyuki yamerudi nayo. Mengi ni swali moja lililobadilishwa nguo, kwa hiyo naanza nalo.

Nimeona kwenye simu nyuki wanene wenye manyoya na mistari ya njano. Nipande nini hapa Ntinda, Kampala, ili waje?

Hawatakuja, dada. Nyuki hao wa jamii ya Bombus wengi wao ni wa nchi za baridi, na Afrika kusini mwa Sahara hawana asili. Nimeshalijibu hili mara nyingi, na bado naletewa picha zilezile. Yule mkubwa mweusi anayevuma kwenye boriti za veranda yako ndiye wa kwenu: nyuki seremala. Mpandie mbaazi, kunde na alizeti. Panda na mrehani, ila acha mashina mawili matatu yachanue badala ya kuyakata kila yanapotoa ua. Na punguza yale maua yanayouzwa kando ya barabara yenye petali zilizojazana kama kabichi. Yanapendeza, lakini mara nyingi hayana chavua ya maana, na nyuki huondoka na njaa.

Huyo mweusi anatoboa mbao za paa langu. Nimpulizie dawa? (Jinja)

Hapana! Paka mbao rangi, kisha mwachie gogo kavu lisilopakwa kitu pembeni mwa bustani. Dume hana mwiba, na jike hakudungi usipomshika. Kila kijiti kikavu tunakipeleka jikoni, halafu tunashangaa kwa nini amehamia darini.

Pasheni zangu za njano zinachanua sana lakini hazizai. Nimeweka mbolea mpaka nimechoka. (Masaka)

Mzee wangu, mbolea haina kosa. Pasheni ya njano haikubali chavua yake yenyewe. Inataka chavua ya mmea mwingine usio pacha wake. Kama vipandikizi vyote ulivikata kwenye mti mmoja, una shamba la mmea mmoja. Tafuta miche ya mbegu kutoka sehemu mbalimbali, uichanganye. Jambo la pili ni saa. Ua la pasheni ya zambarau hufunguka alfajiri, la njano hufunguka kuanzia adhuhuri, na ndipo seremala anapofanya kazi. Mwili wake mkubwa unagusa chavua mgongoni anapokunywa utamu wa ua; nyuki wa asali ni mdogo, huiba chavua bila kugusa panapotakiwa. Sasa niambie, unapiga dawa saa ngapi? Kama ni saa tisa mchana, unamuua mfanyakazi wako akiwa kazini. Kwa sasa chukua brashi laini, uhamishe chavua kwa mkono kila alasiri.

Niagize mzinga wa hao nyuki wanene wenye manyoya wa Ulaya kwa nyanya za banda langu? (Wakiso)

Usithubutu. Chile waliwaingiza mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya mazao; wakatoroka, mwaka 2006 wakaonekana Argentina, na nyuki mkubwa wa asili wa huko akapotea sehemu nyingi. Ua la nyanya hutoa chavua likitetemeshwa, kazi ambayo seremala anaijua. Mfungulie banda, au tikisa kamba za mimea asubuhi umande ukikauka.

Na lantana, kile kichaka cha vishada vya maua ya rangi, je? Usipande. Ni sumu kwa ng'ombe na inameza malisho.

Nipige dawa wakati gani ili nyuki wasife? (Mbale)

Jioni jua likizama, na kamwe si kwenye mmea uliochanua. Lakini saa haisaidii kwa dawa zinazonywewa na mmea mzima, kama imidakloprid: zinaingia mpaka kwenye chavua na utamu wa ua. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mashambani mwaka 2018, nasi tunaipima kwa kizibo cha soda bila kusoma kibandiko. Ukikuta nyuki wamelala chini ya maboga asubuhi, nenda kwa jirani kabla ya saa nne, umuulize jana alipiga nini.