Basi la njano si shule: maswali yenu ya msimu wa usaili

Darasa la saba wakishamaliza mtihani wao Septemba, maswali yananijia kama mvua ya Tukuyu. Wale wa "naomba jina la shule nzuri ya kutwa hapa Mbeya" nimewaweka pembeni tena. Hamsemi mtoto ni wa darasa la ngapi, mnakaa wapi wala mna shilingi ngapi. Swali la hivyo mpelekeeni mpiga ramli.

Mwanangu ana miaka minne na nusu lakini anasoma vizuri kabisa. Januari aingie darasa la kwanza? (Mama, Ilomba)

Hapana. Awali ni miaka mitano, la kwanza ni sita. Na cheti cha kuzaliwa kiacheni kama kilivyo.

Shule binafsi za kuchanganya wavulana na wasichana zilianza lini huku kwetu? Babu anasema enzi zake hazikuwepo. (Mwanachuo, Iringa)

Babu kakumbuka nusu. Kama unasoma Mkwawa, chuo chako kiko palipokuwa na shule ya St Michael's and St George's, ya bweni, wavulana kwa wasichana, iliyojengwa enzi za mkoloni kwa watoto wa Kizungu. Babu yako hakuiona kwa sababu asingepita getini. Baada ya Uhuru ikawa sekondari ya Serikali, na mwaka 2005 ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Weusi wengi tulisomeshwa na misheni. Wamoraviani walifika Rungwe 1891. Sheria ya Elimu ya 1969 ikaziweka shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku chini ya Serikali, na nafasi za sekondari zikawa za kugombania. Ndipo makanisa, wananchi na Jumuiya ya Wazazi ya CCM wakajenga za kwao. Sangu hapa Mbeya ni ya Jumuiya hiyo. Marekebisho ya sheria ya 1995 yakafungua mlango zaidi kwa watu binafsi. Geti, kwa hiyo, limekuwepo siku zote. Zamani liliangalia rangi, leo linaangalia ada, na siku hizi wastani, kama baba anayefuata atakavyokusimulia.

Shule inajisifu divisheni wani tupu. Sasa mwanangu kapata wastani wa 48, wanataka akariri kidato cha tatu au ahame. Nifanyeje? (Baba, Uyole)

Baba, usimhamishe kimyakimya, hicho ndicho wanachokisubiri. Waombe waandike barua ya uamuzi wao, yenye sahihi na mhuri. Wengi hapo hapo hukumbuka kwamba kuna namna nyingine. Wakiandika, ipeleke kwa afisa elimu sekondari wa halmashauri na kwa wadhibiti ubora wa shule. Wizara imeshakemea mchezo huu mara kadhaa.

Ninyi ambao hamjalipa bado, fanyeni hesabu hii. Fungueni matokeo ya Baraza la Mitihani, NECTA, ya kidato cha pili ya shule mnayoitamani, kisha ya kidato cha nne miaka miwili baadaye. Hesabuni vichwa. Wakiwa wamepungua sana, mmeshajua divisheni wani hizo zinapikwa vipi. Nilifurahi NECTA ilipoacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023, lakini mabango ya Mwanjelwa hayajapata habari. Kumchukua mtoto mwenye A na kumrudisha na A yake si kufundisha. Nionyesheni aliyeingia na D.

Kwa kuwa ni mchanganyiko, binti yangu hataharibika? (Mzazi, Mafinga)

Wavulana yuko nao sokoni, kanisani na kwenye haisi. Kagua vyoo vya wasichana kama vina maji na komeo.

Tulilipa hela ya fomu, mtoto akafeli usaili. Tunarudishiwa? (Wengi mno)

Someni risiti kabla ya kuikunja.

Nina duka Mafiati, nafunga saa tatu usiku. Binti yuko la pili. Si bora bweni? (Mama)

Bweni kwa watoto wa awali hadi la nne lilikatazwa kwa waraka wa Kamishna wa Elimu, kuanzia Machi 2023, labda shule iwe na kibali maalumu. Utatafuta ya kutwa, mama, na utafute ya karibu. Julai iliyopita, saa kumi na moja na robo alfajiri, nilimkuta mtoto pale Soweto ya hapa Mbeya kakaa juu ya begi lake, sweta kalivuta mpaka likafunika magoti, amelala fofofo kwenye ukungu akisubiri basi la njano. Shule yake iko upande wa pili wa jiji, na kwenye njia hiyo nilihesabu tatu zilizosajiliwa. Mtoto huyo anarudi gizani pia. Na saa tatu usiku daftari la binti yako lifunguliwe, hata kama mgongo unauma. Usipolifungua wewe, ujue halifunguliwi.

Shule mpya imeanza mtaani, ada nafuu, wanasema usajili uko njiani. Nilipe? (Msomaji, Makambako)

Usilipe. Omba kuiona hati yenye namba ya usajili. Wakileta maneno, waulize darasa la saba watafanyia mtihani wapi, na kwa jina la shule gani.