Niliwafungulia mlango watu 256, wakanitoa mimi

Juzi kijana mmoja wa Malindi, upande wa Barani huko, kanitumia meseji: "Kaka, nataka kuanzisha grupu ya gemu, nifanyeje watu wawe wengi haraka?" Nikaisoma nikacheka, nikaweka simu chini nikaenda kunywa kahawa. Manake hilo "wengi haraka" ndilo lililonimaliza mimi. Niliporudi nikaanza kumjibu, jibu likawa refu, nikaona bora niliweke hapa mulisome nyote munaotaka grupu kubwa, na najua munataka, musijifanye.

Sisi tulianza 2018, mwaka PUBG Mobile, ile gemu ya simu ya kupigana bunduki kisiwani, ilipotoka, kwenye chumba cha nyuma cha duka la ami yangu hapa Langoni, Lamu. Tulikuwa kumi na mmoja. Gemu yenyewe nzito, kwa bando zetu zile kuidaunlodi ni kazi ya siku mbili, kwa hiyo mmoja akiipata anawarushia wenzake kwa Xender, programu ya kurushiana mafaili simu kwa simu bila bando. Feni moja, ekstensheni moja ya matundu manne, na kijana mmoja mtoto wa mvuvi ambaye kioo chake kilikuwa kimekufa pembe ya chini kulia, pale pale penye kitufe cha kurukia, basi akahamisha vitufe vyote kushoto vikabanana kama dagaa, na bado alikuwa akituzidi wote. Usipokuwa na simu ya kuibeba gemu unakaa nyuma ya mwenzako unatazama, unangoja afe upewe wewe. Huko kutazama ndiko kulikotufunza adabu. Ukimwacha mwenzako yuko chini anatambaa wewe ukakimbilia kuokota bunduki, magharibi utasimama naye safu moja msikitini, utamwambia nini?

2019 ikaja ile PUBG Mobile Lite, gemu ile ile iliyopunguzwa uzito, watu 60 kwenye mechi badala ya 100, kisiwa kidogo, simu ya bei ya chini inaibeba bila kulia. Nusu yetu wakahamia huko. Tabu ni kwamba wa Lite na wa gemu kubwa walikuwa hawakutani, kila mmoja na seva zake, yaani kompyuta zinazoendesha mechi, kwa hiyo kile kilicholetwa kirahisishe mambo kikatugawa chumba kimoja mara mbili, tumekaa bega kwa bega na hatuwezi kucheza pamoja. Mimi nikajiona mjanja, nikasema wote tuhamie Lite, na tukishahamia tufungue milango kabisa. Nikatengeneza linki ya grupu yetu ya WhatsApp nikaimwaga kila mahali. Korona ikaingia 2020, shule zikafungwa, vijana wako ndani hawana la kufanya, na grupu ikajaa mpaka WhatsApp ikakataa, siku hizo mwisho ulikuwa watu 256.

Nakiri nilijiona mfalme. Nikipita Mkunguni napunguza mwendo ili nisalimiwe.

Miezi ya katikati siwasimulii, ilikuwa kufuta stika tu. Watu nisiowajua wakaanza kuuziana akaunti mle ndani, mwingine anatangaza programu ya kuona watu nyuma ya ukuta, mara usiku mmoja jamaa kwenye voisi akamtukana mama wa mtoto wa mvuvi, mama ambaye mimi nimekula mahamri yake tangu sijui kufunga kikoi. Nikamwambia aombe radhi. Akanijibu, "Kwani we nani?" Na ukweli alikuwa hanijui, hajawahi kuketi nasi hata dakika, na kesho angeondoka akaingia grupu nyingine kwa linki nyingine bila kupungukiwa kitu. Wale kumi wakatoka mmoja mmoja, kimya, hakuna aliyeniambia neno. Mimi nikabaki nabishana na watu wa mbali, mpaka usiku mmoja wa Ramadhani nikaamka kula daku nikakuta yale maandishi madogo, fulani amekuondoa. Fulani mwenyewe ni admini niliyemteua mimi, sura yake sijaiona hadi leo. Daku lile sikulila. Mpaka sasa nikiliandika jambo hili mkono unakuwa mzito.

Baadaye nikaanza kusoma kwamba yaliyotukuta yameshawakuta wakubwa. World of Warcraft, gemu ya kompyuta ya kuchezwa na watu wengi mtandaoni, ilipotoka 2004, ukitaka kuingia mapangoni, ambako peke yako huwezi, ilikuwa lazima ukae mjini uombe watu, ujulikane, ukiwa mwizi wa mali ya wenzako seva nzima inakusema. Desemba 2009 wakaleta kitufe cha kukutafutia wenzako chenyewe, kutoka seva tofauti, kinakupeleka mpaka mlangoni. Watu walifurahi, waliokuwa wanangoja saa nzima sasa wanangoja dakika. Lakini uliyecheza naye jana humwoni tena, basi salamu ya nini? Wachezaji wa zamani wanakilalamikia kitufe hicho mpaka leo. Mchezo unakuwa mwepesi kuingia, na mwenzako anakuwa mwepesi kumtupa.

Ila nisiwe mzee wa kusema zamani ndiyo zamani. Katika wale 256 alikuwemo kijana mmoja kiziwi wa Wiyoni. Kwenye chumba chetu cha kwanza asingeweza, manake sisi amri zote ilikuwa kupiga kelele, "kulia, kulia, juu ya paa!" Lakini kwenye ile ramani ndogo ya pembeni PUBG inakuonyesha alama za nyayo na risasi zinatoka wapi, na yeye macho yake hayabanduki pale. Alikuwa anamjua adui kabla yetu sisi wenye masikio. Laiti nisingefungua mlango nisingempata, na huyo ndiye rafiki yangu mkubwa kuliko wote niliowapata mle. Sasa niambie, nilikosea kufungua?

Jibu langu liko Mkomani, mtaa wa kale hapa Lamu. Nenda katazame nyumba za zamani. Nje ya mlango kuna daka, viti vya mawe huku na huku, mpita njia yeyote anaketi bila kubisha hodi. Mgeni anaketi pale, anajulikana, ndipo anaitwa ndani. Mimi nilibomoa daka nikaita watu moja kwa moja kwenye kiwanda, ule ua wa ndani ya nyumba. Hata PUBG ya kompyuta, walipoifanya bure Januari 2022, mechi za ranki, zile za kushindania daraja, waliwaachia waliolipia. Kuketi bure, ndani mpaka ujulikane. Wao wametumia pesa, wewe tumia muda.

Kwa hiyo mdogo wangu, usigawe linki. Narudia, usigawe linki, hata binamu yako akilia. Mtu acheze kwanza wiki moja na mmoja wenu, mtazame anafanya nini mwenzake akianguka. Na uadmini usimpe usiyemjua sura, hilo nalo narudia manake najua hutasikia, vijana mukiona namba inapanda akili zinapaa nayo.

Siku hizi tuko ishirini na nne. Wanane kati ya wale kumi wamerudi. Kijana wa Wiyoni ametufunza ishara za vidole, chumba kimekuwa kimya mpaka ami yangu akachungulia akidhani tumelala. "Mwateza au mwasali?" akatuuliza.

Ijumaa baada ya alasiri tunakuwa barazani mbele ya duka. Ukipanda basi la asubuhi Malindi unawahi, ukifika Mokowe nipigie kabla hujaingia boti. Na uje na chaja yako, ekstensheni bado ni ile ile ya matundu manne.